Edah na Wabebaji Ishirini

Mjukuu wangu Edah alizaliwa mamake akiwa bado anasalimia wageni. Sellah, binti yangu wa mwisho, alikuwa amesimama uani kwetu Tongaren, amenyoosha mkono kwa mke wa katekista, akasema "Mulembe," na kabla yule mama hajaitikia, mtoto ameshatoka na analia. Ilibidi aitikie watu wawili. Ukibisha, nenda umwulize mwenyewe, yuko hai, ingawa siku hizi hasikii vizuri na atakujibu habari za mbuzi.

Tangu siku hiyo Edah hajachelewa mahali. Alitembea kwanza, kisha akarudi nyuma akatambaa kidogo ili majirani wasiseme. Shuleni alikuwa anamaliza mtihani, anageuza karatasi, anamchora mwalimu na viatu vyake, na mwalimu bado yuko dawati la tatu anagawa maswali. Sasa ana miaka thelathini na mmoja. Ni mwembamba, haongei sana, na haraka yake yote imehamia vidoleni. Ana kachumba hapa Matisi, Kitale, ukuta kwa ukuta na agroveti ya Gathii. Anapiga picha za pasipoti, anachapa vitabu vya mazishi, anashika video za harusi. Mimi nilipoacha shamba nilikuja kukaa naye, na kazi yangu ni kuketi kwenye benchi la wateja ili wapita njia waone kuna mteja. Nimeketi hapo miaka sita. Kuna watu wanaamini nangoja picha moja ya pasipoti.

Sellah alituacha miaka kumi na mmoja iliyopita. Hapo sitaongeza neno. Lakini sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani: video ya dakika saba, Edah mwenyewe aliishika kwa simu ya zamani, Sellah ameketi barazani anapukuchua mahindi na kugombana na kuku. Simu hiyo ilikufa zamani. Video ilikuwa imewekwa kwenye akaunti ya ukoo, na kila Jumapili Edah akitoka kanisani anaketi kitandani, anavua viatu, anamsikiliza mamake dakika saba, kisha anaenda kupika.

Hiyo akaunti ya ukoo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyotutia wazimu.

Mume wangu, marehemu Wepukhulu, alikuwa na nyumba nne, na mimi ni ya nne. Picha zetu zilikuwa zimetawanyika kwa masanduku na simu za watu, kwa hivyo miaka kumi na miwili iliyopita ukoo ulikaa na kukubaliana ziwekwe pamoja huko kwa watu wanaotunza vitu kwenye intaneti. Wanaita wingu. Edah aliniambia ni majumba tu ya mashine, yamepulizwa baridi kama bucha. Sasa, nyumba nne haziaminiani hata kwa sufuria. Paswadi ikakatwa vipande vinne, kila nyumba kipande chake, na kuifungua ni lazima wote wanne waandike, mkubwa kwanza, wengine wakiangalia ukuta. Edah alipewa ruhusa ya kutazama peke yake. Kutazama, si kuchukua. Kama mtu anayeangalia harusi kupitia ua.

Jumapili moja mwaka huu akafungua amsikilize mamake, akakuta maandishi mekundu juu ya skrini. Kampuni inafunga kazi. Ijumaa saa kumi na mbili jioni kila kitu kinafutwa. Barua za kuonya zilikuwa zimetumwa miezi sita, zote kwa mwenyekiti wa akaunti, Wabwile, mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza. Wabwile anayo hiyo anwani ya barua pepe. Alifunguliwa, akashukuru, akaenda nyumbani, hajawahi kuiangalia tena. Alidhani barua zikija mtu atabisha hodi.

Jumatatu asubuhi wakaja kutoka Tongaren. Wabwile na kofia yake ya kahawia, na Mukhisa, mwana wa kwanza wa nyumba ya pili, na fimbo ambayo haimsaidii kutembea, inamsaidia kunyoosha kwa watu. Nyumba ya tatu wote wako Nairobi. Walitutajia kipande chao kwa simu na wakataka tuape kwamba tutakisahau. Cha nyumba ya nne ninacho mimi, na kwa kuwa sijui kuandika, kimeshonwa kwenye pindo la gauni langu la kanisa.

Wabwile, niseme mapema, amenizidi miaka minne. Lakini mimi nimeolewa na babake, kwa hivyo ananiita mayi, yaani mama. Amefanya hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Hakuna kitu kitamu kama hicho, hata chai ya maziwa matupu haifikii.

"Khocha," Edah akamwambia, maana Wabwile ni mjomba wake, "faili ni elfu thelathini na nane, mia nne na kumi na mbili. Nikizihamisha moja moja kwenda kwenye akaunti mpya, ni siku sita na nusu. Tuna siku tano kasoro. Lakini nimeandika skripti."

"Skripti ni mtu?" Mukhisa akauliza.

"Ni maagizo, khocha. Naiambia kompyuta, badala ya mbebaji mmoja, toa ishirini, kila mmoja achukue mzigo wake, watembee wote wakati mmoja. Kwa muda wa saa nane tutakuwa tumemaliza."

"Kutoka siku sita mpaka saa nane," Mukhisa akasema. "Wanakimbia hao?"

"Hawakimbii. Mahali muda unaliwa ni mlangoni."

Akatueleza, na mimi nilielewa mara moja, kwa sababu nimeolewa Bungoma. Picha ya mtu amesimama na ng'ombe si mzigo. Lakini mbebaji akifika nyumba mpya lazima abishe. Anaulizwa wewe nani, anajibu. Umebeba nini, anajibu. Kina uzito gani, anajibu. Anaingia, mzigo unapimwa tena waone kama hakuumega njiani, anaaga, ndipo anarudi kuchukua mwingine. Salamu ni ndefu kuliko habari. Ukiwa na mbebaji mmoja, elfu thelathini na nane mara salamu, huyo atakufa mlangoni. Wakiwa ishirini, wanasalimia kwa milango ishirini kwa wakati mmoja, na hakuna anayemngoja mwenzake.

Wabwile alikuwa amevua kofia. Hiyo si dalili nzuri.

"Na nani anaingia wa kwanza?"

"Yeyote anayefika, khocha."

"Yeyote."

"Ndiyo. Ndogo zitatangulia, kubwa zitafuata. Zote zitafika."

"Kwa hivyo kitoto cha nyumba ya nne, hakijaota meno, kinaweza kuingia nyumba mpya na kuketi, na mimi bado niko nje nimesimama na mzigo."

"Ni picha tu, bana," nikasema.

"Mayi, kwa heshima," Wabwile akasema, "Mukhisa hapa alizaliwa baada yangu, akatahiriwa baada yangu, na akijaribu kufa kabla yangu tutaongea. Sasa ati tufike kwa kompyuta ndiyo tuanze kupitana mlangoni kama mbuzi?"

Mukhisa akasema hata yeye hapo ameguswa. Wakaamua: mafaili yatapangwa kwa kuzaliwa, nyumba ya kwanza hadi ya nne, mkubwa hadi mdogo, na hakuna anayeingia mpaka aliye mbele yake awe ameingia kabisa. Edah akauliza kama wana uhakika. Wakasema wana uhakika tangu kabla mamake hajazaliwa. Basi akaongeza mstari mmoja kwenye skripti, mfupi kama kope, na mstari huo ukawaambia wabebaji wote: mngoje mkubwa.

Nikamvuta pembeni. "Weka ya Sellah kwanza. Hawa wazee hawaoni hata vidole vyao."

"Kukhu, nyanya yangu, nimewaahidi mbele yao. Mimi hapa ni mtoto wa binti. Wamenipa kazi hii kwa kuniamini, si kwa haki yangu."

"Sellah ni wa mwisho wa nyumba ya mwisho."

"Najua. Ni namba elfu thelathini na nane, mia nne na kumi na mbili. Itafika tu."

Na ingefika, kama si namba moja.

Namba moja ilikuwa harusi ya Wabwile. Si kule kuoa kwake kwa ujana. Hii ni ya kanisani, aliyofunga akiwa na miaka sitini na sita, wajukuu wake kumi na wanne wakiwa wasimamizi. Walimleta mshika kamera mmoja wa Bungoma mjini ambaye alijua kuwasha na hakujua kuzima. Video ni ya saa tisa. Saa tatu za mwanzo ni maegesho ya magari. Kuna saa nzima ambayo kamera iliachwa ikiangalia sufuria ya wali, na wali hauivi. Ilikuwa nzito hivi kwamba ilipopandishwa mwaka ule, taa za Tongaren zilipungua nguvu na ng'ombe wakadhani ni jioni wakaenda zizini wenyewe.

Jumatatu adhuhuri mbebaji wa kwanza akaibeba. Kumi na tisa wengine wakashika mizigo yao, wakajipanga nyuma, na kwenye skrini zikaonekana mistari kumi na tisa, kila mmoja umeandikwa: nangoja.

"Ona adabu," Mukhisa akasema. "Vijana wa siku hizi wangekuwa wameshapitia dirishani."

Harusi ikapanda asilimia kumi, thelathini, sitini. Jioni ilifika tisini na moja, intaneti ikakatika kidogo tu, kama mtu amekohoa. Nyumba mpya haipokei nusu ya kitu. Ikarudi sifuri.

Ikaanza tena usiku. Jumanne asubuhi tukaikuta imefika themanini na nane, ikakatika. Sifuri. Mchana ikafika tisini na tano, Wabwile amesimama, mikono nyuma, amenyoosha koti. Sifuri. Mkewe akapiga simu kutoka Tongaren akauliza, "Bado hatujaingia?" Wabwile akamwambia wako mlangoni. Akajibu kwamba alijua tangu ujana kwamba akiolewa na huyu mtu atasimama sana.

Jumatano ikawa vivyo hivyo. Wabwile akawa hali vizuri. Kila ikianza anafunga vifungo vya koti, kila ikikatika anavifungua. Tulihesabu: tangu Jumatatu hadi Alhamisi usiku alioa mara kumi na nne, mwanamke yuleyule, na hata mara moja hawakufika kwenye keki. Mimi niliwahurumia wale kumi na tisa. Nikapika chai, nikaweka vikombe kumi na tisa mbele ya skrini. Walipokataa, wazee walisaidia.

Edah kila siku aliwaambia. Jumanne alisema, "Khocha, tutoe ule mstari." Hapana. Jumatano alisema tena. Hapana. Alhamisi alisema kwa sauti ya chini zaidi, na sauti yake ikishuka ujue moyo umepanda. Hapana. Usiku huo alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, anamsikiliza Sellah akigombana na kuku, na haikuwa Jumapili. Ilipoisha akaanza tena. Mimi nilijifanya nimelala, na mimi nikijifanya nimelala nakoroma hata Gathii anageukia upande wa pili, na yeye anakaa Kibomet, mtaa mwingine kabisa.

Ijumaa saa moja asubuhi, Gathii huyo akaingia kuomba chaji ya simu. Ni mtu wa mbegu na dawa za ng'ombe, hana maneno mengi. Akaangalia skrini. Akahesabu kwa kidole.

"Shosho, hawa ni watu wangapi wamesimama?"

"Kumi na tisa."

"Na anayefanya kazi?"

"Mmoja."

"Si mngebaki na mmoja basi. Mimi lori ya mbegu ikija naweka watu ishirini, na hakuna hata mmoja namwuliza alizaliwa mwaka gani." Akachomeka simu yake, akaenda.

Edah akageuza kiti, akawatazama wajomba zake wawili. "Khocha Wabwile, khocha Mukhisa. Zikianza kutembea kabla ya saa nne, zitafika. Zikipita saa nne, hazifiki. Na sauti ya mama iko mwisho kabisa. Sina nyingine. Nimevumilia siku nne kwa sababu niliwaahidi. Sasa nawaomba."

Wabwile akafunga kifungo. Akakifungua. "Mimi si kwamba sitaki, Edah. Lakini mdogo anampitaje mkubwa? Nionyeshe mahali ilifanyika."

Hapo ndipo Mukhisa akagonga fimbo sakafuni. Nilidhani ameona mende.

"Mimi nakuonyesha," akasema. "Ilifanyika kwangu."

"Wacha hiyo."

"Siachi. Miaka sita, Wabwile. Miaka sita unasema hujapata msichana anayekufaa, na mimi siwezi kuoa kabla yako. Nilikuwa na Nasimiyu. Unamkumbuka Nasimiyu? Nilimwambia aningoje. Alingoja mpaka akaolewa Webuye. Alizaa watoto saba. Mmoja ni daktari wa meno, alinitoa hili jino hapa, nikamlipa."

"Hukuniambia ulimpenda hivyo."

"Ningekuambia nikiwa wapi? Nilikuwa nimesimama nyuma yako." Akawageukia wale kumi na tisa kwenye skrini. "Na juzi nimewasifu hawa. Nimezeeka vibaya."

Kisha Mukhisa akakumbusha jinsi ilivyoisha. Baba yao, mume wangu Wepukhulu, alichoka kuona mwana wa pili anakonda, akanunua blanketi mpya, akamvisha Wabwile mabegani mbele ya watu, akasema: mkubwa amefunikwa, asimame kando, mlango uko wazi. Wabwile akasimama kando, Mukhisa akaoa mwezi huo. Wabwile naye kwa aibu akaoa wiki iliyofuata.

Wabwile alifikiri mpaka saa mbili. Akasema ni kweli, hiyo njia ipo, na baba ndiye aliiweka. Mkubwa avishwe blanketi.

Sasa likazuka swali ambalo, nakuapia, watu wazima wawili walilijadili kwa nusu saa: mkubwa ni nani? Mukhisa alisema ni Wabwile. Wabwile alisema yeye hajasimama kwenye foleni yoyote, ameketi. Aliye mlangoni ni ile harusi, na harusi iko ndani ya kompyuta. Wakatwaa blanketi langu la kitandani, lile lenye picha ya simba, na kabla Edah hajarudi kutoka kumtafuta fundi wa intaneti ambaye hakumpata, wameifunika kompyuta vizuri, kona nne, kama mtoto mwenye homa. Mukhisa akaombea.

Kompyuta ilisema vuuu, ikasema viii, ikanyamaza. Edah alipofunua, ilikuwa ya moto hivi kwamba yule simba alikuwa amefungua mdomo zaidi. Ikachukua nusu saa kupoa na kuwaka. Edah hakugomba. Alipepea kwa kitabu cha mazishi cha mtu, machozi yakimshuka, anayafuta kwa bega ili mikono isiache kupepea. Wazee waliangalia pembeni kama wanafunzi.

Ilipowaka ilikuwa saa tatu na nusu. Nikachukua blanketi, nikaenda nyuma ya Wabwile, nikamfunika mwenyewe, begani mpaka magotini.

"Mkubwa amefunikwa," nikasema. "Asimame kando."

Akasimama kando. Pale dukani kando ni hatua moja, ukipita unaingia kwenye printa. Akasafisha koo. "Basi nitawaita. Faili ya pili, ya nyumba ya kwanza, pita. Faili ya tatu, ya nyumba ya kwanza, pita. Faili ya nne..."

Edah akaangalia saa ya ukutani. Mimi nikafanya hesabu ambayo sikufundishwa na mtu. Elfu thelathini na nane, na huyu anavuta pumzi kila baada ya mbili.

"Wabwile."

"Mayi."

"Mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni mama."

"Nimekuvisha mimi au hukuvishwa?"

"Umenivisha, mayi."

"Basi sema 'wote', nikusikie."

Mzee wa miaka sabini na nne, jasho linamtiririka ndani ya blanketi la simba, alinitazama kama mtoto aliyenyimwa kwenda mtoni. "Wote," akasema. "Piteni wote."

Edah akafuta ule mstari mfupi. Saa nne kasoro dakika saba.

Sijui nikuambie nini ukaamini. Mistari kumi na tisa iliruka kutoka "nangoja" ikawa nambari zinazokimbia, na ile feni ya ndani ya kompyuta ikavuma hata tukashika karatasi. Matisi yote intaneti ilinywewa. Kwa jirani walikuwa wanaangalia mpira kwa simu, mchezaji akasimama mguu juu saa nane nzima, na wanasema alipoushusha alikuwa amesahau goli liko wapi. Nilipasha mandazi juu ya kifuniko cha kompyuta. Na mafaili yaliingia bila mpango wowote: kitoto cha mwaka jana kikaingia mbele ya mazishi ya Wepukhulu, harusi za wajukuu zikaingia mbele ya harusi za nyanya zao. Mimi mwenyewe niliingia katikati, kijana, na mtungi kichwani. Wabwile alisimama kando akiwaangalia wakimpita. Mwanzo alikuwa anahesabu makosa. Baadaye nikamsikia anasema polepole, "Kumbe huyu alikuwa mnene. Kumbe huyu alicheka."

Mbebaji mmoja peke yake alikuwa bado na harusi, anaisukuma.

Saa kumi na moja na dakika arobaini zilibaki faili mbili. Namba moja na namba ya mwisho. Wa kwanza wa kwanza na wa mwisho wa mwisho, wote kwenye laini moja. Harusi ilikuwa asilimia themanini na tatu, inavuta laini yote. Ya Sellah ilikuwa asilimia sita, inapata matone.

Edah alikokotoa kwenye karatasi. Akaikunja.

"Kuna nini?" Wabwile akauliza.

"Hakuna, khocha."

"Edah."

"Laini haiwatoshi wawili. Zikiendelea hivi, saa kumi na mbili zote mbili zitakuwa njiani."

"Na ikibaki moja?"

"Ya mama inafika. Yako haifiki, hata ikibaki peke yake."

"Huo ndio ukweli au unanifariji?"

"Ndio ukweli. Lakini ni yako, na ni namba moja. Siwezi kuisimamisha mimi."

Wabwile alitazama skrini. Themanini na nne. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti ndani ya lile blanketi. Sikuwa nimeona alivifunga saa ngapi. Akavifungua kimoja kimoja.

"Nimeoa mara kumi na nne wiki hii," akasema. "Mtu hawezi kuoa zaidi ya hapo. Toa harusi."

"Khocha, ikitolewa haipo tena."

"Nimesikia. Toa, mpitishe dada yangu."

Edah akabonyeza. Harusi ya Wabwile, na maegesho yake, na wali wake usioiva, ikatoka kwenye skrini. Ya Sellah ikapata njia yote peke yake. Kumi na tano. Arobaini. Hakuna aliyekohoa, Mukhisa alikuwa ameziba mdomo kwa kofia ya Wabwile. Sabini. Gathii alikuja kuchukua simu yake, akasimama mlangoni na mguu mmoja ndani, akabaki hivyo. Mia. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Nyumba mpya ikapima mzigo, ikakuta haujamegwa, ikaandika: imepokelewa.

Edah aliifungua huko huko mahali papya, ahakikishe. Na Sellah akaongea, pale Matisi, mbele ya wajomba na muuza mbegu: "Wewe kuku, shuka. Nimesema shuka. Unaniangalia nini, hujawahi kuona mtu akipukuchua? Edah, weka hiyo simu chini uje unisaidie, mikono yako si ya kushika simu tu." Kisha ile sauti ya mahindi yakianguka kwenye karai, yanaanguka, yanaanguka.

Ile akaunti ya zamani ilipofungwa hatukuiona. Tulikuwa dakika ya tatu, kuku amerudi.

Tulipomaliza kusikiliza mara ya tatu, Edah akamwambia Wabwile pole kwa ajili ya harusi. Wabwile alikuwa ameketi kwenye benchi langu la wateja, bado amejifunika yule simba, amenyoosha miguu.

"Ya nini pole," akasema. "Si mniulize tu. Mimi nilikuwa huko."

Mukhisa, kwa makosa, akauliza. Basi Wabwile akaanzia asubuhi, gari la kwanza kuingia. Saa mbili tulipofunga duka na kumpeleka stendi, bibi harusi alikuwa bado hajatoka kwao.